Mchoro wa Nyuma ya Mlango

Kabla hata jogoo wa jirani hajasafisha koo, nilisikia cherehani ikitembea gizani. Kichaka-kichaka, kichaka-kichaka, kimya, halafu tena. Barazani hakukuwa na taa, na chini ya sindano hakukuwa na kitambaa. Mama mkwe wangu huwaza kwa miguu. Akiwa na jambo zito anachomoa uzi, anakaa kwenye cherehani yake na kukanyaga bure mpaka jambo lenyewe lichoke.

Nikatoka na mwanangu mdogo kifuani. Alikuwa na miezi michache tu, lakini nyumbani tulimwita Bwana Mkubwa, kwa sababu hakuna aliyekula, kulala wala kuoga bila idhini yake. Nikamuuliza mama mkwe kulikoni. Akasema ni barabara.

Barabara ya mtaa wetu ilikuwa ipanuliwe. Hilo kila mtu alilijua. Ambacho hakuna aliyekijua ni upande gani utakatwa, na kwa kuwa hakuna aliyejua, kila upande ulikuwa na hakika kwamba ni ule mwingine. Sisi tulianza kuwapa pole watu wa ng'ambo, kwa ile sauti ya huruma iliyojaa raha, nao wakaturudishia pole zetu na nyongeza. Kinyozi, ambaye kibanda chake kiko ng'ambo, mbele kidogo, alikuwa hawezi kufungua kazi asubuhi bila kwanza kumrushia mama mkwe neno.

"Mama, hiyo meza yako ya kukatia usimuuzie mtu mwingine. Jirani kwanza."

Naye mama mkwe, bila kuinua macho kwenye pindo analoshona, alimjibu, "Njoo nikupime suruali ya kukimbilia, mwanangu. Hiyo uliyovaa itakuangusha greda likija."

Watu walicheka, na mimi nilicheka. Lakini cherehani inayotembea gizani haichekeshi. Kile kibaraza mama mkwe alikijenga mwenyewe baada ya kufiwa, bati moja moja, kwa sare za shule za watoto wa watu. Mume wangu ni dereva wa lori, leo yuko huku, kesho yuko kule, na anacholeta analeta, ila kinachoweka sufuria jikoni kila siku ni kibaraza. Kikivunjwa, cherehani itaingia chumbani, na mteja haingii chumba cha kulala cha mtu ili apimwe kiuno.

Mimi wakati huo nilikuwa nasoma darasa la jioni, na mwalimu wetu wa uraia alikuwa ametufundisha jambo nililolipenda sana. Alisema mipango iliyoko kwenye ofisi ya kata si ya ofisi. Ofisi inatutunzia tu, kama jirani anavyokutunzia kuku ukisafiri. Kuku ni wako, na mayai ni yako, na ukirudi humpigii jirani magoti ndiyo umwone kuku wako. Asubuhi ile nilimweleza mama mkwe habari za huyo kuku. Akasimamisha mguu.

"Basi nenda ukamdai," akasema. "Na mke mwenzangu muende naye, asije akanimalizia vifungo."

Mke mwenza wake ni binti yangu wa kwanza, mwenye miaka sita, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amejua kusoma na hivyo hakuna maandishi yaliyopita mbele yake salama. Njiani alisoma mabango ya sabuni, namba za milango na onyo la mbwa mkali, kwa sauti, kana kwamba sisi wengine tumefumba macho.

Ofisi ya kata ni ukumbi mmoja mrefu wenye mabenchi, na mwisho wake ipo meza ya karani. Karani tunamwita Bwana Kanuni. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye akiambiwa kanuni inasema mvua inyeshe, atatoka na mwavuli juani. Nikamsalimia, nikamwambia nimekuja kuuona mchoro wa barabara. Nilikuwa nimejiandaa kunyimwa, hata maneno ya mwalimu nilikuwa nimeyapanga mdomoni. Lakini yeye alitabasamu, akasema karibu sana, mchoro ni wa wananchi wote, na kanuni inataka ubandikwe kwenye mlango mkuu wa ofisi, nao umebandikwa.

Nikageuka, nikautazama mlango. Ulikuwa wazi, umelala ukutani, umeshikwa na tofali. Niliona rangi ya kijani iliyobanduka, komeo, na jina la mtu aliyempenda mtu mwingine zamani. Nikamwambia sioni mchoro.

Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni chooni. Mchoro umebandikwa upande wa ndani wa mlango, kwa sababu nje kuna mvua. Mlango ukiwa wazi, upande wa ndani unalala ukutani. Nikamwomba basi aufunge kidogo niuone. Ndipo akanyooshea kidole kibao kilichotundikwa juu ya meza yake, na binti yangu akatusomea sote: "Mlango wa ofisi ya umma haufungwi saa za kazi."

Nikauliza, je, baada ya saa za kazi? Baada ya saa za kazi mlango unafungwa, akasema, ila na yeye anakuwa nje, na mimi nakuwa nje, na kufuli linakuwa kati yetu na mchoro. Nikauliza kama mchoro hauwezi kubanduliwa ukawekwa ukutani. Akashtuka. Kanuni ilisema mlangoni. Tena siku Mheshimiwa alipouleta, alishika gundi mwenyewe.

Mheshimiwa ni diwani wetu, mwenye gereji kubwa pale kona. Sikuwahi kumwona akishika hata ufagio. Nikarudi nyumbani nikiiwaza ile gundi.

Mama mkwe alisikiliza habari yote, akauma uzi, akasema kwamba katika dunia hii hakuna mlango ambao mwanamume hataufunga, ila inategemea anaogopa nini. Halafu akamtazama Bwana Mkubwa aliyekuwa kifuani kwangu akinyonya hadharani, mbele ya wateja watatu na muuza maji. Akamtazama tena. Akacheka peke yake mpaka miwani ikashuka puani, na hapo na mimi nikaelewa.

Kesho yake tukaingia ukumbini, mimi na wanangu wawili. Mabenchini walikuwapo wanaume kadhaa wakisubiri vibali vyao. Nikakaa, nikangoja Bwana Mkubwa alie. Mtoto ambaye hulia hata nikipiga chafya, siku hiyo alilala kama diwani kikaoni. Nikamtikisa, akatabasamu usingizini. Nikamwondolea kofia, akakunja uso tu. Mwishowe dada yake, bila kuambiwa na mtu, akamchomoa kidole mdomoni. Ukumbi mzima ukajua kwamba Bwana Mkubwa ameamka.

Nikasimama mbele ya meza nikiwa nimejitanda kanga mpaka kidevuni, nimeinamisha macho kama bi harusi. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba mtoto ana njaa, na mimi siwezi, naona haya, wanaume ni wengi na mlango uko wazi njia nzima inaona. Namshukuru Mungu kwamba Bwana Kanuni hachoti maji kwenye bomba letu. Pale nimenyonyesha huku nikigombana na watu wawili kuhusu zamu.

Maskini karani. Akaitazama kanuni juu ya meza yake, akamtazama mtoto, akaitazama tena kanuni. Masikio yakamwiva. "Kanuni inasema mlango usifungwe," akasema polepole, "lakini haisemi mama afedheheke." Akawatoa wanaume wote nje, akalisogeza tofali kwa mikono yake mwenyewe, akafunga mlango, na nikamsikia nje akimkemea mtu asichungulie. Alitulinda kama askari wa benki.

Nao ukawa mbele yangu. Mkubwa, mzuri, wenye mistari ya bluu na vinyumba vidogo, kila kimoja na jina lake. Nilimnyonyesha Bwana Mkubwa titi la kulia nikisoma upande wa kushoto, nikamhamishia la kushoto nikasoma upande wa kulia. Barabara ilitoka sokoni imenyooka kama uzi uliovutwa. Ilipofika kona, kwenye nyumba iliyoandikwa gereji, ikapinda. Ikaizunguka gereji kwa adabu kabisa, ikaja upande wetu, ikakila kibaraza cha mama mkwe na vingine viwili. Kisha, kama mlevi anayejirekebisha kupita kiasi, ikarudi ng'ambo na kukila kibanda cha kinyozi. Baada ya hapo ikanyooka tena, kana kwamba hakuna lililotokea.

Chini palikuwa na maandishi madogo. Yalisema mkazi yeyote aliyeuona mchoro na ana pingamizi, aliandike na kulikabidhi ofisini kabla ya mkutano wa mgeni kutoka halmashauri. Mkutano ulikuwa wiki ile ile.

Nilidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo ilikuwa inaanza. Mama mkwe aliniamini, lakini wengine walisema mkamwana anamtetea mama mkwe wake, atakosaje kuona mpindo? Kinyozi alitoka kibandani na kitana kichwani akatangaza kwamba mchoro nimeusoma kichwa chini miguu juu, darasa la jioni halina taa za kutosha. Nikawaambia basi nendeni mkauone wenyewe, njia mnaijua.

Wakaenda. Alianza jirani yangu wa ukuta mmoja, mwenye pacha, akapata muda maradufu. Akafuata mke wa fundi viatu. Akafuata mmoja ambaye mtoto wake alikuwa na meno kumi na anakula mihogo, lakini siku hiyo alirudishwa utotoni. Wote waliona haya, masikini, wanawake ambao hawajawahi kuona haya tangu wazaliwe. Bwana Kanuni alifunga na kufungua mlango mpaka tofali likaacha alama sakafuni. Alinunua hata mkeka kwa fedha yake, akautandika pembeni ili akina mama wakae vizuri. Hilo lilinichoma kidogo. Ila sikuwa peke yangu kwenye shughuli hii tena, na barabara ilikuwa haingoji.

Siku moja kabla ya mkutano mama mkwe akasema na yeye anataka kuona kwa macho yake kinachotaka kula bati zake. Akamchukua Bwana Mkubwa, akajitanda, akaenda. Nilikuwa nimekaa benchi la nje, nikasikia kila kitu. Karani alimtazama yule mama mwenye mvi hadi kwenye nyusi, akamtazama mtoto, akafungua mdomo.

"Mwanangu," mama mkwe akamwahi, "mambo ya akina mama usiyaulize, utaota vibaya."

Mlango ukafungwa. Alikaa humo ndani mpaka nikadhani kweli amefanikiwa.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja ng'ambo, akasimama mbele ya kibanda cha kinyozi, na kwa mara ya kwanza hakumrushia neno. Alimwambia tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba na yeye yumo. Kinyozi alitaka kucheka, akamwona usoni, akaacha. Jioni hiyo hiyo, kabla ofisi haijafungwa, alionekana akiingia kwa karani na kichanga chake mkononi na chupa ya maziwa mfukoni mwa koti la kazi. Bwana Kanuni aliuliza na yeye vipi tena. Kinyozi akajibu kwamba mtoto wake huyu hawezi kunywa akitazamwa na watu, amerithi kwa baba. Mlango ukafungwa. Tulimwona akitoka amekunja uso, chupa bado imejaa. Akavuka barabara mpaka kwenye kibaraza chetu, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Mama," akamwambia mama mkwe, "tunaandika nini?"

Tuliandika. Mimi nilishika kalamu, kila mtu akasema lake, nami nikaliweka katika lugha ya ofisi. Kila barua ilianza hivi: nimeuona mchoro. Asubuhi, kabla ya mkutano, Bwana Kanuni akazipokea zote na kuzigonga mhuri, maana kanuni ilisema zipokelewe. Nadhani hakuzisoma. Lakini Mheshimiwa alizisoma.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa mpaka dirishani. Mlango ulikuwa wazi kabisa, tofali mahali pake. Mgeni kutoka halmashauri alikuwa mzee mmoja mwembamba mwenye mkoba uliochoka, akasema hakuja kwa maneno mengi. Kata inaruhusiwa kuurekebisha mchoro, alieleza, mradi wananchi wameyaona marekebisho na kusema yao. Akishathibitisha hilo atatia saini, na mwezi ujao greda litaingia. Mama mkwe alikuwa kando yangu. Chini ya benchi mguu wake ulikuwa unakanyaga, kichaka-kichaka, bila cherehani.

Mheshimiwa akasimama. Anaongea vizuri, huwezi kumnyima hilo. Alisema ofisi hii ni mfano wa uwazi. Akamsifu Bwana Kanuni mbele ya mgeni, akasema karani huyu ana moyo hata wa kuwahifadhi akina mama wanaonyonyesha, wenye haya zao, na mkeka kawanunulia. Mgeni akatikisa kichwa kwa furaha. Bwana Kanuni akainama, masikio yanawaka, na nikamwona akitutazama sisi akina mama mmoja mmoja kwa shukrani, kama mtu ambaye hajasifiwa tangu ashonewe sare ya shule.

Kisha Mheshimiwa akatoa barua zetu. Akasema mchoro umekuwa mlangoni siku zote, wazi kwa kila mwenye macho, lakini hawa wenzetu hawakujishughulisha hata kuutazama. Wamepinga uvumi wa kibarazani. "Mzee, waulize tu. Aliyeuona asimame, aseme aliuona lini na aliuona vipi."

Nilielewa pale pale kwamba alikuwa anajua, na kwamba ametufungia na sisi nyuma ya mlango ule ule. Mwenye pacha akaanza kurekebisha nepi ambayo haikuwa na kosa. Mwenye mtoto wa meno kumi akatazama dari. Nani angesimama mbele ya wakwe na mashemeji aseme haya zake zilikuwa za kuigiza? Kinyozi, ambaye mdomo wake haujawahi kukosa neno, alikuwa anaikagua chupa tupu ya maziwa kama daktari. Nikapata nguvu ya kuinuka. Lakini nilipoinua macho nilikutana na ya Bwana Kanuni, bado yana ile shukrani, nikakaa tena benchini.

Mgeni akangoja. Akageuka akautazama mlango, rangi ya kijani, komeo, jina la mpenzi wa zamani. Akavua miwani, akaifuta, akavaa, akatazama tena.

"Mimi hapa sioni mchoro wowote," akasema.

Mheshimiwa akacheka kidogo, akasema labda ni upepo, karatasi ni karatasi, mzee asipoteze muda wake, safari ni ndefu. Akamsogezea kalamu. Mgeni akaitazama kalamu, akatutazama sisi, akapumua. Mkono wake ukaenda mezani. Mguu wa mama mkwe ukasimama.

Hapo nikahisi binti yangu anateleza kutoka mapajani kwangu. Sikumtuma, wallahi, na wala sikumshika. Alipita katikati ya mabenchi, akamvuta yule mzee kidogo kwenye mkono wa koti, na kumwambia kwa sauti yake ile ile ya kusomea mabango:

"Babu, ukifunga mlango utauona."